Stara Jamaldini na Gunia la Kibaigwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Stara Jamaldini, fundi cherehani wa Kizota, aliyeanzisha kikundi cha maigizo cha Tusemezane. Stara alitutoka mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na moja. Lakini jamani, habari yake haisimuliwi kinyonge!

Kikundi hiki kilizaliwa kwa kosa. Narudia, kwa kosa. Miaka kumi na miwili iliyopita, Stara na mafundi wenzake wanne walikwenda soko la mahindi Kibaigwa kuigiza habari za lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kichwa, halafu mkulima analipwa bei ya gunia moja. Stara alikuwa mjane mwenye mahindi. Yoramu, fundi seremala, alikuwa dalali. Kosa lao? Hawakumwambia mtu kwamba ni mchezo. Wee! Yoramu hajamaliza kushindilia, wakulima wameshamkunja. Akajitetea kwamba yeye ni seremala tu, nani amsikilize?

Mwingine angefungasha virago. Stara alipanda juu ya gunia lile lile, akawaeleza kwamba ni maigizo, kisha akamgeukia mkulima mmoja, Mama Tabu, aliyekuwa amewaka hasira. "Njoo usimame hapa nilipo, mama. Mwambie huyu yale uliyoyameza mwaka jana."

Mama Tabu akaja, akayasema yote. Soko zima likamsikiliza.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo kazi ya Tusemezane. Mchezo husimama katikati, mtazamaji akaingia kuumalizia. Hawatafuti faida, hawatozi kiingilio. Wamecheza Makutupora kwa vibarua wa mizabibu, wamecheza mjini kwa wanafunzi na watumishi. Shamila, bintiye Stara, anasema mama yake alikuwa mkali kwa jambo moja. Msanii akimkatiza mtazamaji, siku hiyo chai haioni!

Ila aliyeigiza mjane alikuwa Stara tu, miaka yote. Alipozikwa, wenzake waliona Tusemezane nayo imezikwa. Onyesho lao jingine la Kibaigwa lilikuwa limebakiza siku tisa. Yoramu alitaka lifutwe, maana angemdhulumu nani? Shamila akakataa katakata. Akasema waende, na nafasi ya mjane asipewe mtu.

Wakaenda. Safari hii walitangaza mapema kwamba ni mchezo, shule ilishawaingia! Yoramu akashindilia gunia. Mbele yake palikuwa patupu. Akaita, "Mwenye mahindi yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Kisha nyuma kabisa akanyanyuka mwanamke mmoja. Mama Tabu! Yule yule.

"Niko hapa," akasema.

Kabla hajafika mbele, wanawake wengine saba walikuwa wamesimama. Yoramu, dalali mzima, akalia mbele ya soko zima.

Shamila, Yoramu na wana Tusemezane wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Stara wetu. Nawe unayenisikiliza, hapo ulipo, lipo neno ulilolimeza. Siku ukisikia wanaita, "Mwenye mahindi yuko wapi?", je, utanyanyuka?