Nani Alimkanda?

Mtumbwi ulipoachana na ukingo wa Alunguli kuelekea soko la Kindu, Mama Yuma alitoa tena picha ya bintiye aliyeko Ubelgiji. Mama Onema, jirani yake, aliyepakata kikapu cha sombe, majani ya muhogo ya kuuza, aliipokea kwa ncha za vidole. Aliona koti jipya, viatu virefu, na mjukuu mnono ndani ya kigari. Kijicho kikamshika.

"Ulaya njo inchi ya kukaa, dada," Mama Yuma akasema. "Huku Zaire tuko na nini? Kila Jumamosi serikali inatulazimisha salongo, jembe mukononi!"

"Inchi gani ile, mutoto anasukumwa kama mahindi ya kupeleka kwa mashini? Mama yake hana mugongo?" Abiria wakacheka, Mama Onema akanogewa. "Na alipozaa, nani alimukanda na maji ya moto?"

Mama Yuma akatazama mto. "Hakuna mutu. Alijikanda yeye mwenyewe."

Mama Onema akaona ameshinda. "Binti wangu nilimukanda kwa uzazi yote sita! Na jana alinigombeza mbele ya watu, juu ya sufuria moja tu."

"Alikugombeza na kinywa yake?" Mama Yuma akauliza polepole. "Ukasikia sauti?"

"Nikasikia."

"Heri yako, wee."

Mtumbwi ukagonga mchanga wa Kindu. Watu wakashuka, wale wawili wakabaki: mmoja bado ameshika picha ya mwenzake, mwingine anangoja asimuliwe ule ugomvi, neno kwa neno.