Fundi Mgongo Hakukosea

Kwanza salamu. Namsalimu mzee wetu mwenyewe, mama watoto wake, mama mkwe na goti lake linalomsumbua, binti mkubwa na mumewe, wale mapacha, na mjukuu ambaye nasikia ameanza kusimama dede. Sisi huku chumba cha kushonea hatujambo, ila mimi ninayeandika sina raha, na sababu mtaiona.

Tarehe thelathini mwezi huu mzee wetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuuza mabegi ya safari za milimani katika duka letu. Sote tunamwita Fundi Mgongo, maana hakuuzii begi kabla hajaupima mgongo wako kwa tepu, kuanzia kile kifupa cha shingoni hadi usawa wa nyonga. Kisha anauliza unabeba nini. Wengine huuliza unakwenda wapi. Yeye, unabeba nini. Anajaza vifuko vya mchanga, nilivyovishona mimi, mpaka uzito ulingane na mzigo wako, anafunga mkanda wa kiuno kwanza, mabega baadaye, halafu anakupandisha ngazi za stoo mara tatu. Mzigo ukae nyongani, husema, mabega ni ya kushikilia tu. Bwana mmoja alishuka anahema kama mvukuto, akakubali mwenyewe kwamba pasi ya nguo haina kazi mlimani. Tulicheka wiki nzima.

Sasa, karatasi niliyopewa ofisini ili niandikie wasifu huu wa kumuaga inasema mwaka mmoja aliondolewa kaunta kwa kumpimia mteja vibaya. Mteja huyo ni mwanangu.

Binti yangu alikuwa anakwenda mlimani na wenzake siku tatu. Fundi Mgongo alimpima, akamchagulia begi la wastani. Mimi roho yangu ya mama ikakataa: blanketi litakaa wapi, chupa ya chai, sufuria, sweta tatu? Akaniuliza kama nampeleka mtoto mlimani au namhamisha nyumba. Nikanuna. Alipokwenda kula, nikachukua begi kubwa kuliko yote dukani, nikamwambia mtoto kwamba Fundi Mgongo amebadili mawazo, nikalishindilia nyumbani mpaka zipu ikalia. Mkanda wa kiuno ulimpwaya, ukashuka mapajani. Mzigo wote ukaning'inia mabegani.

Siku ya pili mwanangu alirudishwa ameshikiliwa huku na huku, mkono umekufa ganzi. Ulipona baada ya wiki sita.

Meneja alipouliza nani alipima, nilijibu ni Fundi Mgongo. Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale. Alijua kwamba anayetoa begi bila kupima anafukuzwa kazi, na alijua nalea watoto wanne peke yangu. Akasema, "Andika mimi." Wakamweka stoo miezi kumi na mmoja, yeye na mikono ile, anahesabu makasha. Wala hakunikumbusha hata siku moja. Nami kila asubuhi nilimpitia mlangoni na kumsalimu kwa furaha, uso mkavu.

Nimeona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Naomba ofisi ifute mstari ule, na iandike jina langu mahali pake. Liwalo na liwe. Na wote mlionong'ona juu yake, mjue mlidanganywa na mimi.

Mzee wetu, asante kwa migongo yote uliyoiokoa. Upumzike vizuri, miguu juu, na afya yako iwe tele.

Juzi nilimweleza binti yangu ukweli. Miaka yote hii alikuwa akikuona barabarani anavuka upande wa pili. Tangu hapo ameniuliza jambo moja tu, kama anaweza kuja kwako kabla ya sherehe ya Ijumaa, bila mimi. Tafadhali tuma jibu upesi, hata kwa mdomo wa yeyote. Anasubiri.