Pascasie Nabintu, Muuguzi Aliyeandika "Mama"

Wapendwa mliokusanyika hapa Saint Paul leo, Jumamosi tarehe 15 Septemba 2018, haya yameandikwa na Birindwa, mume wa marehemu, na yanasomwa na Bahizire, mdogo wa marehemu, ambaye ameombwa asilainishe neno lolote.

Pascasie Nabintu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Walungu, Kivu Kusini, na mama yake mzazi alipofariki mwaka 1971 alilelewa na mama mdogo, Bernardine, ambaye hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwita kitu kingine ila mama. Alisoma shule ya msingi Walungu, kisha shule ya uuguzi Bukavu, akapata diploma mwaka 1985, akahudumu katika kituo cha afya kwao hadi vita vilipomkimbiza mwaka 1996 na kumfikisha kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alikoendelea kuzalisha akina mama chini ya turubai.

Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa na Birindwa, wakajaliwa watoto watatu, Maombi, Ntwali na Héritière.

Familia ilifika Saint Paul tarehe 9 Oktoba 2007, ambako diploma yake ilitazamwa mara moja na kurudishwa mezani kama risiti ya duka, naye akaanza upya, mchana akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Maplewood, jioni akisoma, hadi alipopata leseni ya uuguzi mwezi Juni 2012.

Mwaka 2014 chuo kimoja cha eneo hili kilimwajiri awasimamie wanafunzi Wenyeji wa asili wa Marekani, Waojibwe na Wadakota, waliosomea uuguzi na udaktari, watu ambao ardhi hii ni yao, lakini katika wodi za Saint Paul na mji pacha wa jirani utawaona zaidi wakiwa wamelala kitandani kuliko wakiwa wamevaa koti la daktari. Walimwita Auntie, naye aliwagombeza kama wa kwake, "Ninyi ndio mtaongoza hizi hospitali, na bado mnachelewa darasani?", nao walicheka, na kesho yake waliwahi.

Mwezi Oktoba 2016 mwanafunzi wake Lorna Harrison, Mwojibwe, aliyebakiza muhula mmoja awe muuguzi, alifiwa na dada wa mama yake, aliyemlea tangu utotoni, akaenda msibani, na msiba wao huchukua siku nne. Kanuni ya chuo ilitoa ruhusa ya msiba kwa baba, mama, kaka, dada na mtoto tu, na Pascasie, aliyeandika barua ya ruhusa, hakusita, aliandika kwamba Lorna amefiwa na mama. Ofisi ilisoma tangazo la kifo, ikakuta neno aunt, ambalo kwa Kiingereza ni shangazi na pia mama mdogo au mkubwa, ikaita barua hiyo udanganyifu, ikamfukuza Lorna, ikaliandika neno hilo katika faili lake, mahali ambapo bodi ya leseni ingelikuta, na Pascasie akaondolewa kazini.

Hakuna aliyemuuliza Lorna ni nani aliyemlea.

Kwa karibu miaka miwili marehemu alikata rufaa, na wakili alipomshauri, "Sema tu Kiingereza hukukielewa, Mama, na shauri litaisha leo," alimjibu, "Bwana, Kiingereza nakijua, ni wao hawajui mama."

Mwezi Februari 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tarehe 30 Agosti alitia sahihi ushahidi wake akiwa kitandani, na tarehe 6 Septemba, saa tisa alasiri, alifariki dunia akiwa na miaka hamsini na miwili.

Jumatatu iliyopita chuo kilileta barua kwa jina la marehemu. Lorna anaruhusiwa kurudi darasani, neno udanganyifu litafutwa, lakini sababu iliyoandikwa ni kwamba Bi Nabintu, kwa kuwa mgeni, alikosea tafsiri, na Lorna anatakiwa kuikubali kwa sahihi ifikapo Jumanne tarehe 25. Familia ilimsihi afikirie kwanza masomo yake, yeye akasema hatatia sahihi mpaka sentensi hiyo iondolewe, na sasa tumekubali kusimama naye. Marehemu hakukosea tafsiri, na mwenye nafasi afike naye chuoni siku hiyo, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani, wafanyakazi wenzake wa Maplewood, na akina mama wa Kiojibwe walioingia nyumbani kwetu na sufuria za supu bila kuuliza undugu wetu ni wa aina gani.

Mama Maombi, pumzika kwa amani, barua isiyo na sentensi hiyo tutaidai sisi.