Mtihani wa Kiti: Risala ya Wagonjwa wa Tumbo na Ini kwa Mkurugenzi wa Tiba

Mgeni rasmi, Dakta Aber, Mkurugenzi wa Tiba wa hospitali yetu, madaktari na wauguzi wa kliniki, ndugu wanachama:

Leo saa tatu asubuhi, kabla hujafika, mwenzetu Bi Mwanawetu Fahim aliinuka kutoka mstari wa mbele bila kushika kitu, akavuka ukumbi na kufungua madirisha. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mwaka mmoja uliopita asingeweza kuinuka hivyo. Risala hii inaeleza kilichobadilika.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mioyo iliyotulia kuliko tulivyozoea. Sisi ni wagonjwa wa tumbo, utumbo na ini. Miongoni mwetu wamo Wanubi, Waganda, Waacholi na Wakongo wauzao vitenge, na tumeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha kwenye benchi la kusubiria. Tunajua umekuja kuamua jambo moja. Uchunguzi wa kupungua kwa misuli, unaofanywa kila Alhamisi kwa majaribio, unafikia kikomo mwisho wa mwezi huu. Ama utaendelea, ama utasimama.

TULIKOTOKA

Zamani tulipimwa kwa mizani tu. Mizani ilisema kweli, lakini si kweli yote. Mwenzetu Opoka, mgonjwa wa ini, aliongezeka uzito mwezi baada ya mwezi, nasi tukampongeza. Uzito ule ulikuwa maji yaliyojaa tumboni. Mikono na mapaja yake yalikuwa yakiisha ndani ya nguo. Alifariki mwezi wa Machi mwaka jana, Mungu amrehemu. Hatusemi kwamba uchunguzi ungemwokoa. Tunasema kwamba hakuna aliyekuwa akiyatazama mapaja yake.

Mei ya mwaka huo muuguzi Ajwang alianza uchunguzi kwa vitu vitatu: futi kamba ya kupima shavu la mguu, kifaa cha kupima nguvu ya kiganja, na kiti. Mgonjwa hukunja mikono kifuani, akainuka na kuketi mara tano, huku muuguzi akitazama saa.

BI MWANAWETU

Bi Mwanawetu anaishi Kansanga na anauza vitambaa Nakawa. Ana ugonjwa wa Crohn, unaovimbisha utumbo, na sehemu moja ya utumbo wake ilikuwa imekaza hadi chakula kikawa kinakwama. Alihitaji kupasuliwa. Dawa alizokuwa akitumia zilimjaza uso, kwa hiyo majirani walimsalimu wakisema, "Mashallah, umenawiri!" Naye alishukuru, huku akijua kwamba akisujudu hainuki mpaka ashike ukuta. Hilo hakumwambia mtu.

Daktari wa upasuaji alimtaka apimwe misuli kwanza. Kwenye benchi akasikia: "Anayeshindwa kiti hapasuliwi." Habari hiyo haikuwa na mwenyewe, na sote tuliisambaza. Alirudi nyumbani na hesabu moja kichwani: asipopasuliwa, utumbo utaziba.

Jirani yake, Bi Jamilah, Mnubi na mwanachama mwenzetu, hakuona ugumu wowote. "Maswali si tunayajua?" alisema. "Basi lete kiti."

Kila siku baada ya swala ya alasiri wanawake walikutana uani kwa Jamilah. Walipiga makofi ya doluka, ngoma ya harusi za Kinubi, na Mwanawetu akainuka na kuketi kwa mdundo wake.

"Inuka, bibi harusi!"

"Magoti yananitetemeka."

"Yatetemeke kwa mdundo. Umekaa kama uliyelipia hicho kiti!"

"Jamilah, nitaanguka."

"Utaniangukia mimi, na mimi ni godoro tosha."

Ili asizimie, walimlisha kwanza yai, kisha uji laini uliotiwa unga wa mukene, vile vidagaa vya ziwani kwetu. Siku za mwanzo alijisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Baadaye mikono ikaacha kuhitajika.

Alhamisi yake ilipofika, aliinuka na kuketi mara tano, naye akamaliza ndani ya muda uliowekwa. Ajwang akasimamisha saa.

"Nnyabo, mama, ninakupima au unanichezea ngoma? Mbona unainuka kwa mdundo?"

Jamilah alijibu kutoka mlangoni. "Ni pumzi yake tu, sista. Ndivyo anavyopumua."

"Anapumua doluka?"

Kisha kikaja kifaa cha kiganja, ambacho hakuna aliyekifanyia mazoezi. Mkono ulibana kidogo mno. Shavu la mguu nalo lilikuwa jembamba. Ajwang akauliza ni nani aliyemfundisha kiti. Mwanawetu akasema, "Sista, nikishindwa mtaniondoa. Niache nifaulu."

"Nani amesema tunakuondoa?"

"Benchi."

Ajwang akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba anayekutwa dhaifu haondolewi. Kama hali yake inaruhusu kusubiri, hupewa muda wa kula na kufanya mazoezi, ili kidonda kipone na apate nguvu ya kukohoa na kutembea baada ya upasuaji. Akauliza walifanya nini hasa, na walikula nini. Jamilah alimweleza yote, akamwonyesha na makofi.

"Mmenidanganya," Ajwang akasema, "kwa dawa ile ile niliyotaka kuwaandikia." Akacheka hadi walio nje wakachungulia. Baada ya kushauriana na daktari, upasuaji ulisogezwa mbele kwa wiki sita. Chakula kikaongezwa kwa mpango, na Mwanawetu akaambiwa akamue nguo kwa mikono yote miwili kila siku.

Wiki sita zilipopita, kiganja chake kilifikia kiwango. Alipasuliwa mwezi wa Oktoba. Siku ya pili alitembea wodini. Kidonda kilifunga bila usaha. Hatudai kwamba makofi yalimponya. Alipasuliwa na daktari hodari, na dawa zake zilibadilishwa. Tunadai kwamba aliingia chumba cha upasuaji na mwili wa kuustahimili, na kwamba hilo lilijulikana kwa kupimwa, si kwa kutazamwa usoni.

Tangu hapo kiti kimehamia kwetu. Kansanga wanapiga doluka. Kabalagala wanaume wanafanya kimyakimya na kudai kwamba wanatengeneza kiti.

YANAYOTUKWAMISHA

Muuguzi ni mmoja, na siku ni moja. Akiugua Ajwang, hakuna anayepimwa. Kifaa cha kiganja ni cha kuazima. Wanaopimwa ni wale tu wanaosubiri upasuaji; wagonjwa wa ini, wenzake Opoka, bado wanapanda mizani na kupongezwa.

MAOMBI

Tunaomba uchunguzi uwe kazi ya kudumu ya kliniki, na kila mgonjwa wa tumbo au ini apimwe tangu siku ya kwanza. Tunaomba muuguzi wa pili afundishwe. Tunaomba pia kila mgonjwa aelezwe maana ya matokeo kabla ya kuketishwa kwenye kiti. Ombi hili la mwisho halina gharama, na lingetuepusha na hofu ile yote. Habari za benchi tutazisahihisha wenyewe, tumekwisha kuanza.

Mgeni rasmi, tunakuombea mwili wenye nguvu na maamuzi mepesi kwako. Mwenyezi Mungu awalinde wanaotupima, na awape wepesi wanaosubiri zamu yao.

Tunamalizia kwa lililotokea juzi, Alhamisi, mbele yetu. Mwenzetu Olanya, dereva wa lori, anayesubiri upasuaji wa tumbo, aliketishwa. Aliinuka mara mbili. Ya tatu ikamshinda.

"Andika, sista," alisema kwa sauti iliyofika benchini. "Nimeshindwa. Sasa niambie nile nini."

Ajwang akaandika. Akampa mpango wa chakula na mazoezi, na tarehe ya kurudi kupimwa: Alhamisi ya pili ya mwezi ujao, baada ya kikomo cha majaribio.

Ni sisi,
Umoja wa Wagonjwa wa Tumbo na Ini,
Kampala.