Sauti Ilipokatika Sebuleni Kwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Mimi ni Mama Skola, fundi cherehani wa Katandala. Wengi wenu mmevaa nguo nilizoshona, na wapo waliovaa nilizoharibu. Leo mtajua kwa nini ziliharibika.

Sikusimama kueleza habari za pombe wala za waganga. Ningekuwa mlevi labda ningesaidiwa mapema, maana mlevi huonekana barabarani anavyoyumba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu, nyumba imefagiliwa, Jumapili nipo kanisani na kitenge kimenyooshwa. Kilichonifunga ni luninga. Najua mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Iliingia kwangu miaka ile wafanyakazi walipokuwa wanapunguzwa makazini. Mume wangu ni mtu wa Mbeya, aliletwa Sumbawanga na kazi ya shirika la umma, na huku ndiko alikonioa, mimi binti wa Kifipa. Barua za kupunguzwa zilipotoka, jina lake lilikuwemo. Alipopata kiinua mgongo alikwenda Tunduma, akarudi na vitu viwili: mzani wa kupimia dagaa na luninga ya rangi. Mzani ulikuwa wa biashara yake mpya. Luninga ilikuwa yangu.

Akaniambia, "Mama Skola, sasa mimi nitakuwa mtu wa Kirando kule ziwani, na wa njiani. Wiki mbili, wiki tatu hunioni. Hii itakuliwaza."

Ndugu zangu, iliniliwaza kweli! Hapo mwanzo nilikuwa naona upweke mpaka naongea peke yangu. Mume yuko ziwani ananunua dagaa, au yuko Mbeya anawauza. Nyumbani ni mimi na Skola wetu, mtoto wa pekee, wakati ule yuko darasa la pili. Cherehani yangu ilikuwa barazani, na upepo wa Ufipa mnaujua, unaingia mpaka kwenye mifupa. Nikaiingiza sebuleni. Nikaigeuza ielekee luninga. Nikasema nitashona huku naangalia.

Kumbe siwezi kufanya yote mawili. Nilishonea kwaya sare, gauni moja likatoka na mikono miwili ya kushoto. Mwenyewe alilivaa ibadani kwa unyonge wake bila kunilaumu. Maharage yaliungua mpaka sufuria moja nikaiacha kabisa. Wateja walikuja kuchukua nguo wakakuta hata kitambaa sijakikata, nami nawaambia kesho, huku macho yangu yako kwenye kioo cha luninga.

Saa iliyonishika zaidi ni saa kumi alasiri. Palikuwa na tamthilia ya nchi za mbali, ya matajiri wanaonyang'anyana nyumba na wachumba. Majirani wanawake walikuwa wanakuja, tunajaa sebuleni mpaka chini kwenye mkeka. Watu wa tamthilia walikuwa wanaongea Kiingereza. Katika sisi sote hakuna aliyekielewa. Tulikuwa tunawasoma nyuso tu: huyu kakasirika, yule anadanganya, huyu ana mimba. Na aliyejua kusoma nyuso kuliko sisi wote ni Skola wangu. Anakaa chini, karibu kabisa na kioo, halafu anatugeukia na kueleza. Majirani walimpenda. "Skola, huyu bwana anataka nini?" Naye anasema, na kweli tukifuatilia tunaona ndivyo ilivyo. Nilijivuna! Nilisema mwanangu ana akili, huyu ataelewa Kiingereza kabla ya mwalimu wake.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Kipupwe cha mwaka ule Skola alipata mafua makali, yakaisha, masikio yakaanza kuuma. Yakatoa usaha. Nilikwenda duka la dawa nikapewa matone, nikatia siku mbili. Siku ya tatu nilisahau. Siku ya nne mtoto hakulia tena, nikasema amepona. Nikaweka pamba.

Baada ya hapo akaanza kuwa mkaidi. Ndivyo nilivyoona mimi. Namwita, haitiki. Namtuma chumvi, analeta kiberiti. Nikisema naye nikiwa nimempa mgongo, anasimama tu. Nilimchapa, ndugu zangu. Nilimchapa zaidi ya mara moja kwa ajili ya kiburi. Hakubisha. Alikuwa ananitazama mdomo, nami nikaona hata kule kunitazama ni ujeuri.

Mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye daftari: "Mzazi, naomba ufike shuleni tuongee." Nikaliweka daftari pembeni, nikasema nitakwenda Jumatatu. Akaandika tena. Safari hii alitaja muda, saa kumi, baada ya vipindi. Saa kumi! Nikatia saini kwamba nimesoma, nikamrudishia mtoto. Shule haikuwa mbali. Ni mwendo wa kutembea tu mtu akiwa anasalimiana na watu njiani.

Jumamosi moja tulikuwa tumejaa sebuleni kama kawaida. Tamthilia ilikuwa imefika mahali pazuri, mwanamke anafungasha nguo zake. Ghafla sauti ya luninga ikakatika. Picha ipo, watu wanaongea, lakini kimya. Sebule nzima ikapiga kelele. Mmoja anasema bonyeza rimoti, mwingine anasema ipige ubavuni. Nikaamka nikaipiga. Hakuna kitu. Wanawake wakaanza kulalamika, wengine wanatafuta kandambili zao watoke.

Skola hakusogea. Alikuwa amekaa palepale, anaangalia. Halafu akatugeukia, kama siku zote, akasema, "Anaondoka kwa sababu mama mkwe amemtukana."

Waliokuwa wanatafuta kandambili wakasimama. Akatutazama mmoja mmoja, akaona tumesimama, akaona nyuso zetu. Akauliza, "Kwani imekuwaje?"

Mama Eliza, jirani yangu, kiongozi wa maombi ya akina mama, alikuwa amekuja siku ile kuchukua blauzi yake. Hakuwa mtu wa luninga, alisimama mlangoni tu. Akapita katikati ya watu, akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi kwa nguvu. Skola hakugeuka. Akapiga tena, karibu na sikio la kushoto. Hakugeuka.

"Mama Skola," akasema, "mtoto huyu hasikii."

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Nilipiga magoti mbele ya mwanangu, nikamshika uso. Nikamuuliza, "Skola, luninga ilikuwa inasema nini?" Akanitazama mdomo, akajibu kwa sauti ndogo, "Sijui, mama. Mimi huwa naangalia midomo. Hata ninyi si mnaangalia?"

Miezi yote ile! Tumekaa bega kwa bega kila alasiri, nikicheka anacheka, nikidhani tunafurahi pamoja. Alikuwa anacheka kwa sababu ameona uso wangu.

Jumatatu hatukwenda shule, tulikwenda hospitali. Daktari alimpima kwa taa yake ndogo, sikio moja, halafu la pili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaniuliza, "Lilianza lini hili?"

Nikasema, "Sijui."

Akaniangalia. "Mtoto anaishi na wewe?"

"Anaishi na mimi."

Akaandika. Sijawahi kuchapwa kofi likaniuma kama kalamu ile ilivyoniuma. Akaniambia usaha ulikaa muda mrefu na umetoboa viwambo vya masikio yote mawili. Sikio la kulia kuna tumaini. La kushoto hatanidanganya, limekwisha. Akanipa dawa na utaratibu: asubuhi, mchana na alasiri masikio yasafishwe, yakaushwe, yatiwe dawa, kwa majuma mengi, na siku isirukwe hata moja.

Pale pale nje ya hospitali niliapa kwamba luninga sitaiangalia tena maishani. Fundi alikuwa bado hajaja kutengeneza sauti, lakini niliifunika na shuka, nikaisukumia chumbani. Nikajiona nimeokoka.

Siku nne, ndugu zangu! Siku ya tano, ilipokaribia saa kumi, nilianza kutembea ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema naenda mara moja kwa jirani wa nyuma kuazima uzi. Jirani yule naye alikuwa na luninga. Nikakaa. Niliporudi jua lilikuwa limeshaegemea mlima, na Skola yuko barazani na pamba zake na chupa ya dawa, amevipanga kwenye sahani, ananisubiri. Hakuuliza nimetoka wapi. Alinisogezea sikio tu.

Nilimtia dawa huku nalia. Halafu nikafunga kitenge changu, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Eliza.

Nikamwambia, "Mama, niwekee mikono. Nina pepo la luninga. Nataka litoke leo."

Akaniombea. Aliomba vizuri, kwa machozi, na mimi nilikuwa nasubiri nianguke chini. Sikuanguka. Alipomaliza akaketi kwenye kigoda, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Inakushika saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na ikikushika unakuwa na nani?"

"Niko peke yangu na mtoto."

"Basi kesho saa kumi niko kwako. Na cherehani uitoe nje."

Nilitaka muujiza, nikapewa mgeni! Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo kidogo, nisiwafiche. Lakini saa kumi ya kesho yake Mama Eliza alikuja na ungo wake na ulezi wa kupepeta, akakaa barazani. Hakunihubiria. Alipepeta ulezi, mimi nikashona, Skola kati yetu. Alipoona nimeanza kuchungulia ndani alisema, "Haya, dawa ya mtoto," nami nikaitia. Akaja kesho, akaja keshokutwa. Upepo ukatupiga sote. Kuna siku mvua ilimnyeshea njiani akafika amelowa chapachapa. Alikuja majuma saba. Ndugu zangu, nani kati yetu amewahi kumpa mtu saa kumi zake zote za majuma saba? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Bwana alikuwa amenijibu tangu siku ile ya kwanza.

Mume wangu aliporudi kutoka Kirando nilimweleza yote, na makofi niliyompiga mtoto nilimweleza. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, "Mimi ndiye niliyeileta, nikaona nimemaliza kazi ya kuwa nyumbani." Tangu hapo akapunguza safari, na akienda anatuma salamu na wenye magari kila baada ya siku chache. Alitaka kuiuza luninga. Nami nilitaka hivyo.

Aliyekataa ni Skola. Sikio la kulia lilikuwa limeanza kufunguka, siku baada ya siku. Asubuhi moja aliingia mbio kutoka uani kuniambia kwamba jogoo wa jirani ana sauti mbaya sana. Nililia, na jogoo yule ana sauti mbaya kweli! Basi tulipoongea habari ya kuuza, mtoto akasema, "Msiuze. Mimi sijaisikia bado."

Alikuwa na haki. Fundi akaitengeneza sauti. Tukaweka utaratibu ambao tumeushika mpaka leo. Luninga haina mlango wa kuingilia saa kumi. Tunaiwasha siku mbili kwa juma, na kabla ya kuiwasha tunasema tunataka kuangalia nini. Kikiisha, tunaizima hata kama kinachofuata ni kizuri. Kazi haifanyiki mbele yake, chakula hakiliwi mbele yake, na mtu akiingia na shida yake inazimwa kwanza ndipo anasalimiwa. Mara mbili tatu nimeshindwa. Nikishindwa namwambia mume wangu siku hiyohiyo, au namwendea Mama Eliza, na kesho naanza tena. Sitawadanganya kwamba hamu imekufa. Imekonda tu, kwa sababu hailishwi.

Kwa mwalimu pia nilikwenda, nikamwomba radhi. Alimhamishia Skola dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio lake zima liwaelekee wenzake. Na yule dada wa kwaya nilimshonea gauni jipya lenye mkono wa kulia.

Namshukuru Mungu kwa sikio lililopona, na ninajifunza kumshukuru hata kwa lile ambalo halikupona, ingawa hilo bado ni gumu kwangu. Namshukuru kwa Mama Eliza. Na ninakusihi wewe uliyekaa hapo na kitu chako, kidogo, cha heshima, ambacho hakuna anayekishuku. Mtumaini Bwana, halafu mtafute mtu mmoja umwambie ni saa ngapi kinakushika. Usione aibu. Aibu niliyokuwa naiogopa mimi ilikuwa ndogo mno kuliko gharama ya kunyamaza.

Skola yuko hapa leo, kiti cha tatu kutoka dirishani, amekuwa msichana mkubwa. Habari hii ni yake kuliko yangu, kwa hiyo asubuhi nilimwomba ruhusa ya kuisema mbele yenu. Akaniambia, "Sema, mama. Ila sema kwa nguvu, nataka niisikie yote."

Bwana apewe sifa!