Fanuel Odoyo na Pikipiki Aliyomjengea Nyamusi

Mimi ni Risper Akumu, dada mkubwa wa marehemu. Nasoma kwa Kiswahili kwa sababu wakwe zetu wametoka Kisii kuja hapa Sindo, na kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ambayo marehemu na mkewe walijengea nyumba yao. Kamati ya mazishi imeniomba nisome yaliyochapwa kwenye programu, nisiongeze neno. Wazee wangu, nisameheni mapema. Programu ina ukurasa mzima wa picha za wageni wa heshima, na Fanuel amepewa nusu ukurasa. Mimi nitamwongezea.

Marehemu Fanuel Odoyo Ogwang' alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 hapa hapa Sindo, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Cephas Ogwang' na Mama Filister, na akabatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka huo huo kabla ya Krismasi. Mdogo wetu Austine alizaliwa mwaka 1989, wakati mama alikuwa ameshagawa nguo zote za watoto. Baba alipofariki mwaka 1997, Austine alikuwa na miaka minane, na aliyembeba kuanzia siku hiyo ni Fanuel. Nasema hilo mapema ili mlishike.

Alisoma shule ya msingi hapa Sindo, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, kisha akaenda sekondari kule Karungu. Kifo cha baba kilimkuta akiwa bado hajamaliza, kwa sababu alikuwa akisoma muhula mmoja na kukaa nyumbani mwingine. Akaacha. Alikwenda Migori mjini kujifunza kuchomelea chuma kwa Fundi Okemwa, ambaye yuko nasi leo, amevaa kofia ya kijani. Austine alimaliza kidato cha nne. Fanuel hakumaliza, na sikuwahi kumsikia akilisema.

Mwaka 2003 alifungua kibanda chake Migori. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza geti litakuwa tayari lini, anakujibu, "Likiisha." Austine alipotoka shule, Fanuel alimpa miwani ya kuchomelea na kumfundisha kazi, na wateja wakaanza kuwaita Odoyo mkubwa na Odoyo mdogo.

Mke alimpata kwa sababu ya meza iliyoyumba. Lynnet Nyamusi, binti wa Mzee Mosoti, alikuwa akiuza ndizi soko la Migori, akamwagiza meza ya chuma. Ilipoyumba aliirudisha. Ikarekebishwa, akairudisha tena na tena. Fundi Okemwa anasema ile meza haikuwa na shida yoyote mara ya tatu, ila hao wawili walikuwa hawajamaliza kuongea. Walifunga ndoa tarehe 23 Aprili 2006. Nyamusi ni Msabato na Fanuel Mkatoliki, kwa hiyo nyumba ile ilienda kanisani siku mbili kwa wiki, na kila Jumamosi kibanda kilifungwa kwa heshima ya mama mwenye nyumba. Mungu aliwapa Valentine na Simeon.

Mwaka 2017 lori la ndizi lilipinduka na Nyamusi akiwa juu ya mzigo. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya. Tangu hapo mguu wake hauwezi kupanda pikipiki kama wengine wanavyopanda. Alijaribu kukaa pembeni kwenye bodaboda, akaanguka njiani akienda kanisani, mbele ya watoto wake. Akasema basi. Mwanamke aliyekuwa akizunguka masoko kutoka Rongo hadi Isebania akawa wa kukaa getini akisalimia wanaopita. Jamani, iliniuma. Ilimuuma Fanuel zaidi.

Mwaka 2021 alinunua pikipiki kubwa kutoka kwa mfanyakazi mmoja wa shirika aliyekuwa akihama. Ni zile ndefu za kuendesha umeegemea, miguu mbele, hendo ya usukani juu. Ilikuwa imechakaa. Watu walisema fundi sasa anataka fahari. Aka! Aliiweka nyuma ya jikoni na kila jioni akitoka kazini aliifungua, Austine akimshikia taa. Alishusha fremu ya nyuma na kubadilisha springi za shoki hadi siti ikafika usawa wa kiuno cha mkewe. Siti ya abiria aliigeuza ikatazama pembeni, akaiwekea egemeo la mgongo, mahali pa kuwekea mkono, na mkanda. Chini yake akachomelea bamba pana la kukanyagia. Godoro la siti alilikata kwenye sofa ya nyumbani, na kwa muda mrefu sisi wageni tulikalia benchi. Pikipiki ilipoanza kulalia upande mmoja, alijenga sanduku la chuma upande wa pili ili isawazike. Ekzosi, lile bomba la moshi, aliifungua akaipanga upya ndani mpaka mlio ukawa wa chini, kama mtu anayekohoa kanisani. Nilimwuliza kwa nini anaua sauti wakati vijana wote wanaitafuta. Akaniambia, "Nyamusi anapenda kuongea njiani."

Kabla ya kumpandisha mkewe, aliifanyia majaribio kwa gunia la mahindi. Alilifunga mkanda, akalifunika leso ya Nyamusi lisipate vumbi, akazunguka nalo mtaani. Kabla hajarudi, jirani alikuwa ameshafika getini: "Mama Valentine, mzee wako amebeba mwanamke mnene, tena ametulia sana!" Nyamusi alimngoja na mwiko mkononi. Alipoona gunia linafunguliwa mkanda kwa adabu, alicheka mpaka akakaa chini. Desemba 2023 walikwenda wawili hadi Karungu, wakala samaki, wakarudi. Waliporudi Nyamusi alinipigia simu akanieleza kila kona ya barabara. Walikuwa wamepanga kwenda Lambwe kuona twiga.

Sasa nisikilizeni. Huku kwetu maiti haitoki mochari kimya. Hutangulizwa na pikipiki, honi na filimbi, na kila mwenye msiba mkubwa anataka pikipiki kubwa mbele. Simu za kuomba pikipiki zilianza kuingia kwa Fanuel. Alikataa zote. Alikataa ya mheshimiwa, alikataa ya binamu yetu wenyewe. Alisema, "Hii nimemjengea mtu aliye hai." Austine alikuwepo akisikia, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimbembeleza akubali.

Mwezi wa tano mwaka 2024 chakula kilianza kumkwama marehemu. Alipimwa, ikaonekana ni saratani ya koo. Alitibiwa akiwa nyumbani, na mwezi wa kumi na mbili akalazwa hospitali mjini Homa Bay. Nyamusi, kwa mkono wake mwenyewe, alimpa Austine pikipiki aitunze na kuiwasha mara moja moja, injini isife. Angempa nani mwingine?

Ijumaa moja ya Januari nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Njia ya kwenda mochari inapita chini ya dirisha la wodi. Kukaingia kelele za msafara, honi, filimbi, na pikipiki moja inayonguruma kuliko zote. Fanuel alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Nani ameharibu ekzosi?"

Nilisimama nikachungulia. Ilikuwa yake. Mbele ya msafara wa watu wasiomjua, imefungwa matawi kwenye hendo. Siti ya Nyamusi haipo. Bamba la kukanyagia limekatwa. Nyuma imeinuliwa juu, tangi limepakwa rangi nyekundu, na juu yake jina la mtu mwingine.

"Nani anaendesha?"

"Austine."

Kisha akauliza, "Siti iko wapi?"

Austine alipanda wodini baadaye kidogo, na soda mkononi kumletea mtu asiyeweza kumeza mate. Akasema, "Omera, kaka yangu, usiwe na wasiwasi. Pikipiki nimeifunika turubai, hata vumbi hailijui." Fanuel alimwangalia yule mtoto aliyemlea. Akamwambia, "Asante." Austine alipotoka, Fanuel aligeukia ukuta, akaniomba Nyamusi asijue. Leo nimelitoa, Mungu anisamehe. Nyamusi, wifi yangu, unalisikia hapa kwanza. Alijua. Alikufa akijua.

Nilimfuata Austine uani nikamwuliza. "Dada, chuma kisipotembea hushika kutu," akanijibu. "Na mgonjwa angeendesha na nini?" Nikamwuliza siti. "Siti ile? Watu wangenicheka." Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikipa hadi blanketi.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Nyamusi alikuwa amemshika mkono. Tunamzika leo Ijumaa ili wakwe zetu wafike nyumbani kabla Sabato haijaingia. Jumatano nilienda kwa Austine kuchukua viti vya msiba, nikaikuta siti kwenye banda la kuku, kuku ametagia pale alipokuwa akikaa Nyamusi. Niliiosha. Iko ndani ya nyumba ya mama. Fundi Okemwa amesema ataichomelea upya na kuishusha pikipiki nyuma kama ilivyokuwa. Valentine alifundishwa kuendesha na baba yake, na sasa ana leseni.

Lakini jana wazee walikaa, wakasema pikipiki ni kitu cha kubaki kwa ndugu wa kiume, kwamba mwanamke wa kutoka mbali anaweza kuondoka nacho. Miaka kumi na minane na zaidi ya ndoa, bado ni wa kutoka mbali! Nyamusi hakubishana. Aliomba jambo moja tu, pikipiki hiyo isimtangulie mumewe. Mwenyekiti wa kamati akamwambia ni heshima. Leo asubuhi ilitutangulia kutoka Homa Bay mpaka lango hili, ikinguruma, na Nyamusi yumo ndani ya gari la jeneza ameziba masikio. Mkashangilia. Asante ya punda ni mateke, na leo mateke yamepigiwa makofi.

Marehemu ameacha mke, Lynnet Nyamusi. Ameacha watoto wawili, Valentine na Simeon. Ameacha mama yetu, Filister, na mimi. Kwenye programu kuna jina moja zaidi. Sijalisahau.

Kwetu hapa, aliyemkosea marehemu hagusi udongo kabla hajatengeneza kosa lake mbele ya watu. Baba alipokufa, jirani aliyesogeza mpaka wa shamba letu alisimama akakiri, ndipo akapewa koleo. Wazee mliopo mliona.

Austine, mdogo wangu, niliyekubeba mgongoni. Ufunguo uko mfuko wa kulia wa koti lako, umeushika tangu nianze kusoma. Shemeji yako amekaa pale mstari wa mbele. Inuka umpe. Ukishampa nitasoma jina lako kama lilivyochapwa, kisha sote tumtakie Fanuel usingizi wa amani. Kabla ya hapo siwezi kulitamka neno amani juu ya jeneza lake, maana litakuwa uongo.

Tunakungoja.