Ule Mutu Alipona?

Kijiwe cha Mama Albertine kiko Kabambare, pale njia ya Wamaza inapoachana na njia ya soko: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, jiko la makaa, birika la kahawa ya tangawizi, na vikombe sita vinavyozunguka midomo yote. Kila asubuhi hapo utamkuta Bulaimu, aliyechimba dhahabu Salamabila miaka tisa, akarudi na kikohozi na jina la Ministre, waziri asiye na wizara, dhahabu hakuna. Karibu naye yuko Abdoul, muuza vidonge wa kutembeza, anayeitwa Farmasi hata na wale ambao vidonge vyake havikuwasaidia kitu. Na mwisho wa ubao, Aristote. Yeye wanamwita Mikro, kwani ndiye anayetafsiri filamu katika nyumba ya sinema. Filamu inasema Kifaransa, yeye anasimama mbele na kipaza sauti, anaigeuza Kiswahili papo hapo, anaongeza utani wake, na watu wanapenda utani kuliko filamu. Asubuhi ile Mikro hakuwa na utani. Alikuja mapema, akakaa akiipa njia mgongo, akiomba moyoni Musafiri, mkata miti, asipite.

Siku iliyotangulia ilikuwa imeonyeshwa filamu ya kutisha. Mtu mweusi na mke wake wananunua nyumba katika mtaa wa wazungu. Majirani wanawaletea keki, wanawachekea vizuri, wanawashikashika nywele. Kumbe chini ya jikoni kuna mlango, na kila jioni mlango unagongwa kutoka ndani, na wanaogonga ni weusi walioinunua nyumba ile kabla yao. Filamu ya maana, si ya kukatana vichwa tu. Basi kijiwe kilikuwa kinaitafuna tangu kikombe cha kwanza.

— Wale hawakuwa wazungu, Ministre alisema. Wale ni watu wa maji, majini ya mtoni. Salamabila nilionaka mzungu mmoja, alikuja kupima mawe. Saa sita ya mchana, jua juu ya kichwa, hana kivuli.

— Saa sita ya mchana hata mbuzi hana kivuli, Farmasi akamjibu.

— Mbuzi haiji kupima mawe.

Farmasi hakukubali mambo ya maji. Kwake yeye siri yote ilikuwa ndani ya keki. Alitaja vidonge vya usingizi kwa rangi zake, akaonyesha kwa vidole ni vingapi vinaingia katika keki moja bila kubadilisha utamu, akaamua kwamba kosa ni la yule mweusi mwenyewe, mtu mzima anakula kwa watu asiowajua. Kutoka hapo akaruka mbali zaidi. Kuchukia ngozi ya mwenzako, alisema, ni ugonjwa wa baridi, unaingia damuni kama malaria inavyoingia kwa joto, na siku moja itapatikana sindano yake. Ministre akamwacha amalize, kisha akawaeleza kwamba chini ya nyumba ile kulikuwa dhahabu. Waliokuwa wakigonga ni wachimbaji walioangukiwa na shimo. Yeye mlio ule anaujua, haumdanganyi.

Walibishana hivyo mpaka birika likaongezwa maji. Jambo moja tu hawakubishania.

— Unaangalia mutu, Ministre alisema, iko na macho, iko na mke, na moyo wako unakuambia huyu si mutu. Sisi hatuwezi.

— Hatuwezi kabisa, Farmasi akasema.

Aristote alimeza kahawa ikamchoma koo. Alitamani kunyanyuka aende zake, lakini akiondoka watauliza kwa nini.

Yeye alijua alichokifanya. Nusu saa ya kwanza alitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Lakini filamu ilikwenda taratibu, watu wakaanza kukohoa na kupiga soga, na sauti moja kutoka nyuma ikamwambia Mikro aamke. Pale pale kwenye filamu yule mweusi alikuwa amesimama mlangoni, anawauliza majirani kwa nini wanamchekea mchana na kumfungia milango jioni. Maneno mazito. Aristote aliyasikia vizuri, akayaacha. Akajibana pua, akasema vile watu wa Kabambare wanavyosema wakiwaigiza Batwa, watu wa msituni, ambao mji wote unanunua asali yao lakini unawaita wachafu, haukai nao ubao mmoja:

— Patron, nipe kipande ya sabuni.

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Toka hapo kila yule mtu alipofungua kinywa, sabuni. Mlango ukigongwa chini ya jikoni, sabuni. Mwishowe watu walikuwa wanaimba pamoja naye, wengine wamesimama juu ya mabenchi.

Na Musafiri alikuwa benchi la mbele. Musafiri ni Mutwa. Miti ya nyumba ile ya sinema ni yeye aliyeikata na kuibeba begani, na ni Aristote huyu huyu aliyemwalika: njoo na binti yako, mtakaa mbele kama wakubwa. Wakaja wameoga, wamevaa nguo za kanisa. Binti, Esther-Divine, yuko darasa la sita. Sabuni ya kwanza hakucheka. Ya pili akacheka kidogo kwa sababu wote walicheka. Kisha akamwangalia baba yake, akaacha. Musafiri akamshika mkono, wakanyanyuka. Waya wa kipaza sauti ulikuwa umewazibia njia. Aristote aliuinua wapite, akaendelea.

— Mikro, tufanyie tena ile ya sabuni, Ministre alisema sasa, akimpiga bega.

— Koo inaniuma.

Wakacheka, wakadhani huo ndio utani. Walikuwa bado wanacheka Musafiri alipotokea kutoka upande wa shule, shoka mkononi. Akasimama hatua tatu kutoka ubaoni, pale anaposimama siku zote.

— Jambo yenu.

— Jambo, Musafiri. Jana ulikimbia filamu, Farmasi akasema. Uliogopa wazungu?

— Hapana.

Hakumwangalia Farmasi. Alikuwa anaangalia mgongo wa Aristote, na Aristote hakuwa na la kufanya ila kugeuka.

— Bwana Aristote, weye unasikia Kifaransa. Nakuja kuuliza kitu kimoja tu. Ule mutu, alipona?

Ministre akamgeukia Farmasi. Farmasi alisema nafikiri alikufa, kisha akasema hapana, labda mke ndiye alikufa. Watu wawili walioijua filamu ile mpaka dhahabu iliyo chini ya nyumba hawakujua ilivyokwisha.

— Juu ya nini unauliza? Mama Albertine akasema.

— Mutoto ndiye anauliza. Leo shule nzima wanamwita Sabuni. Amerudi nyumbani. Ananiambia, baba, enda kauliza. Kama ule mutu alipona, nitarudi darasani.

— Alipona, Farmasi akadakia. Mwambie alipona, alitoka na mke wake, wakapanda gari wakaenda.

Musafiri aliendelea kumngoja Aristote.

Neno moja tu lilitakiwa. Aristote alikuwa na kinywa ambacho hakikuwahi kukosa neno. Angeweza kumponya yule mtu, akampa gari, akampa hata nyumba nyingine yenye bustani. Nani angemshika? Flashi yenye filamu ilikuwa imekwisha kupanda pikipiki kwenda Salamabila. Na binti angerudi darasani kesho. Alilisikia neno limefika kwenye ulimi, tamu na jepesi kama yale ya jana, na hapo ndipo aibu ilipompanda mpaka masikioni. Akasogea, akaacha nafasi ubaoni.

— Kaa, yaya.

Hakuna aliyewahi kumwita Mutwa yaya, kaka mkubwa, pale. Ministre akainamia kikombe chake. Musafiri hakukaa.

— Sijui, Aristote akasema. Mwisho sikuuona. Nilikuwa nimewageukia watu, naangalia vile wanacheka. Na nyinyi niliwaona mkitoka, yaya. Nilijua juu ya nini mnatoka. Sikunyamaza.

Mtu wa kipaza sauti alisema hayo polepole hata Farmasi akalazimika kuinama amsikie.

— Nisamehe. Twende nyumbani kwako, nitamwambia mutoto mimi mwenyewe.

Musafiri hakuonekana kukasirika, na hilo lilimuumiza Aristote zaidi.

— Hapana, bwana. Usikuje. Ni sauti yako ndiyo anaikimbia. Ukisema hata jambo mlangoni, atajificha.

Akaweka shoka begani, akashika njia ya kwao bila jibu la kumpelekea mtoto.

Farmasi alianza kusema kwamba ule ulikuwa mchezo tu, lakini hakupata wa kumsaidia kumaliza. Mama Albertine alipita akivichukua vikombe mikononi mwao, hata cha Ministre ambacho kilikuwa hakijafika nusu.

— Na mimi nilicheka, akasema.

Kisha akazima makaa, birika likiwa bado limejaa, akafunga mapema.